Kupata kazi ya kuhamisha wafanyakazi wa makampuni Dar: njia nne kwa dalali wa nyumba

Dalali anayetegemea mpangaji mmoja mmoja anaijua adha yake. Mtu anapanda gari yako kutwa nzima, anaona nyumba sita kuanzia Mikocheni hadi Mbezi Beach, kisha kesho yake anarudi kimya kimya kwa mwenye nyumba ili kamisheni yako isilipwe. Kampuni inayohamisha wafanyakazi haina muda wa michezo hiyo. Ikileta meneja mmoja na akatulia, italeta mhandisi, italeta mhasibu, na mkataba wa yule meneja ukiisha italeta mrithi wake. Kila mmoja atahitaji nyumba, shule ya watoto, na mtu wa kupigiwa simu jenereta isipowaka.

Kazi hiyo Dar ipo. Migodi ya Kanda ya Ziwa ina ofisi zake hapa. Bandari ilipata mwendeshaji mpya baada ya mkataba wa DP World wa Oktoba 2023. Kuna mabenki, kampuni za simu, wakandarasi wa barabara na reli, na mashirika yasiyo ya kiserikali ambayo watumishi wake hubadilika kila mradi unapoisha. Tena Julai 2025 serikali ilitangaza orodha ya biashara 15 ambazo asiye raia hapewi leseni, na udalali wa nyumba umo. Kwa hiyo mgeni anayetafutiwa nyumba Masaki lazima apitie mkononi mwa Mtanzania. Swali lililobaki ni Mtanzania yupi.

Njia za kuifikia kazi hiyo ni nne: kwenda kwenye makampuni moja kwa moja, kufanya kazi chini ya kampuni za kimataifa za uhamisho, kuhudumia balozi na mashirika ya Umoja wa Mataifa, au kushika majengo yenye samani ambako wageni hufikia. Nazilinganisha nikiifikiria ofisi ya watu wawili hadi watano, maana ndivyo ofisi nyingi za udalali zilivyo mjini. Msimamo wangu nautanguliza: ofisi ya ukubwa huo ianze na makampuni ya kati, moja kwa moja. Lakini kuna jambo linalohusu njia zote nne, na ndilo linalowaangusha wengi kabla hata hawajachagua.

Faili kwanza, nyumba baadaye

Anayehama ndiye atakayelala kwenye nyumba, ila anayekupa kazi ni afisa utumishi au afisa utawala. Yeye kaambiwa Jumatatu kwamba familia inatua mwisho wa mwezi. Mwaka ukiisha, mkaguzi wa hesabu atamuuliza kila shilingi iliyolipwa: alilipwa nani, kwa mkataba gani, risiti iko wapi, kodi ilikatwa? Ukimpelekea nyumba nzuri isiyo na karatasi umempelekea tatizo. Ukimpelekea nyumba ya kawaida yenye faili safi, atakuhifadhi kwenye simu yake.

Faili lenyewe si kubwa. Upande wako ni usajili wa BRELA (wakala wa usajili wa biashara), TIN (namba ya mlipakodi), leseni ya biashara, akaunti ya benki yenye jina la ofisi na mashine ya EFD ya kutolea risiti. Upande wa mwenye nyumba ni nakala ya hati au ofa, kitambulisho kinacholingana na jina lililo kwenye hati, TIN yake, na kama anayesaini ni mtoto au mdogo wake, basi hati ya nguvu ya kisheria (power of attorney) iliyothibitishwa na wakili. Nyumba nyingi nzuri za Oysterbay na Regent Estate ni za urithi. Uliza mapema kama mirathi imekamilika na msimamizi ni nani, kwa sababu mwanasheria wa kampuni atauliza tu, na bora aulize ukiwa na jibu.

Halafu kuna kodi ya zuio. Kampuni ikipanga nyumba ya mkazi wa Tanzania hukata asilimia 10 ya pango na kuipeleka Mamlaka ya Mapato, TRA. Madalali wengi huliacha hili hadi siku ya kusaini, na siku hiyo mkataba unavunjika mezani. Mazungumzo haya yafanyike kabla mgeni hajaiona nyumba, na kwa kawaida huenda hivi:

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hao wageni wako wanakuja lini?"

"Alhamisi, mama. Ila kuna kitu nataka tukiweke sawa kabla hawajafika. Ni kampuni, inalipa kwa benki, na kwenye kila malipo itakata asilimia 10 kupeleka TRA."

"Nilishakwambia milioni tatu kwa mwezi. Hiyo ya TRA mimi haimo."

"Ndiyo maana nimekuja, mama. Ukitaka milioni tatu kamili ifike mkononi, kwenye mkataba tunaandika 3,333,333. Wao wanapeleka TRA 333,333, na wewe unapewa cheti. Ukifunga hesabu zako za mwaka, unaonyesha kwamba hiyo kodi imeshalipwa."

"Na hicho cheti watanipa, au ndiyo nitazungushwa?"

"Nitakuletea mwenyewe, mama."

Ukiahidi hivyo, peleka kweli. Mwenye nyumba aliyeletewa cheti chake bila kukumbusha ndiye atakayekupa nyumba ya pili bila kuigawa kwa madalali wengine.

Kwenye mfano huo pango la mwaka ni milioni 40. Ushuru wa stempu kwa mkataba wa pango ni asilimia 1 ya pango la mwaka, yaani 400,000, na unatakiwa kulipwa ndani ya siku 30 tangu kusaini. Mkataba usio na stempu haupokelewi mahakamani kama ushahidi. Andikeni wazi nani analipa.

Jambo jingine ni sarafu. Kanuni za Benki Kuu za Machi 2025 zilipiga marufuku kutangaza na kutoza bei kwa fedha za kigeni kwa bidhaa na huduma za ndani. Masaki ilizoea dola, na bado utakuta matangazo ya dola kwenye makundi ya WhatsApp. Kampuni yenye mwanasheria wake ikiona tangazo lako la dola, inajua tayari kwamba hufuatilii sheria za biashara yako. Bajeti yao inaweza kuwa ya dola makao makuu. Wewe wape shilingi, na waache wao wafanye hesabu.

La mwisho ni kifungu cha kuondoka mapema. Mtumishi anaweza kuitwa kwao, mradi unaweza kufungwa, mke anaweza kuugua. Kampuni itataka haki ya kuvunja mkataba kwa notisi, mara nyingi ya miezi miwili, na kurudishiwa pango lisilotumika. Mwenye nyumba aliyezoea kuchukua mwaka mzima mkononi hatalipenda hilo. Suluhu inayokubalika na wengi ni malipo ya miezi mitatu mitatu au sita sita, kisha kifungu kianze kufanya kazi baada ya mwaka wa kwanza. Ukiweza kulijenga hilo kwa mwenye nyumba, umeshawazidi madalali wengi unaoshindana nao.

Kwenda kwenye kampuni moja kwa moja

Hii ndiyo njia yenye kazi nyingi ya mguu mwanzoni na faida nono baadaye. Haina mtu wa kati, masharti unayapanga na mteja mwenyewe, na taarifa za mtumishi anayekuja unazipata kutoka chanzo.

Usianze na makampuni makubwa kabisa. Hayo yana mikataba ya dunia nzima na kampuni za uhamisho, na afisa wa Dar hana uwezo wa kukuchagua hata akikupenda. Tafuta wanaoleta watu wachache kwa mwaka na hawana mtu wa kuwashughulikia: mkandarasi aliyeshinda zabuni, kampuni ya ushauri wa kihandisi, kiwanda cha Barabara ya Nyerere kinachobadilisha mameneja, shirika lililopata mradi mpya wa afya. Zabuni za serikali zilizotolewa zinaonekana kwenye mfumo wa NeST. Mkandarasi wa kigeni aliyesaini leo ataleta watu baada ya miezi michache, na wakati wa kumwandikia ni sasa, kabla msimamizi wake wa mradi hajafikia hotelini na kuanza kumuuliza dereva wa teksi habari za nyumba. Kwa upande wa maafisa utumishi, Chama cha Waajiri Tanzania ndicho kinachowakutanisha, na vyama vya wafanyabiashara wa Ulaya na Marekani vilivyopo hapa vina hafla ambazo mtu mwenye kadi na maneno machache huondoka na miadi.

Ukipata miadi, usiende na picha za nyumba. Nenda na mpango wa siku moja ya mgeni wao. Hapa ndipo ujuzi wako wa mji unapoonekana, na hapa ndipo nitakaa kidogo.

Mfano ni mtumishi wa bandari mwenye watoto wawili, mmoja wa msingi na mmoja wa sekondari, wote wanakwenda International School of Tanganyika. Msingi iko Upanga, sekondari iko Masaki. Dalali wa kawaida atamwonyesha Masaki tu kwa sababu ndiko wageni wanakopenda. Wewe mchukue saa moja kamili asubuhi, si saa nne barabara zikiwa nyeupe, na mpitishe njia atakayoipita kila siku: Masaki hadi Daraja la Tanzanite, Upanga, katikati ya mji, hadi Kurasini. Daraja hilo, lililofunguliwa 2022, limebadilisha hesabu ya mtu anayekaa Oysterbay na kufanya kazi mjini, na mgeni akishalipita mwenyewe hahitaji kuelezwa. Kisha mwonyeshe nyumba moja ya Upanga aone tofauti. Mtumishi wa kiwanda cha Vingunguti utampangia siku nyingine kabisa, na yule anayefanya kazi Mbezi Beach hana sababu ya kulipia bei ya Masaki.

Ndani ya nyumba, fungua bomba la ghorofani na uvute maji ya choo kwa pamoja uone kama presha inakaa. Washa viyoyozi vyote, kisha mwambie mlinzi azime umeme kwenye swichi kuu: jenereta iwake, na usikilize inabeba viyoyozi vingapi kabla ya kulalamika. Onja maji ya kisima, kwa maana visima vya karibu na ufuko vina chumvi na vitaharibu hita ndani ya mwaka. Piga picha ankra ya mwisho ya maji ya DAWASA na namba ya mita ya umeme ya LUKU. Mweleze mgeni kwamba tangu 2021 kodi ya jengo hukatwa kwenye ununuzi wa umeme, ingawa ni deni la mwenye nyumba, na kwamba fidia yake mmeiandika kwenye mkataba. Na kabla hujaondoka muulize mlinzi wa jirani, wala si wa nyumba hiyo, maji hufika wapi wakati wa masika. Kuna mitaa ya Mikocheni yenye nyumba nzuri sana ambayo Aprili haipitiki kwa gari ndogo.

Yote hayo yaingie kwenye ripoti ya kurasa mbili kwa afisa utumishi jioni ile ile: nyumba tatu, dakika za safari zilizopimwa, kasoro za kila moja zikiwa zimetajwa bila kufichwa. Usilete nyumba kumi. Afisa akipokea kumi anajua hukumsikiliza.

Udhaifu wa njia hii ni miwili. Kwanza inachelewa: unaweza kumtembelea mtu robo nzima ya mwaka na asiwe na mgeni hata mmoja, kisha wakaja watatu kwa mpigo. Pili, utakutana na afisa atakayetaka cha juu. Atakwambia pango liandikwe juu zaidi ya bei ya mwenye nyumba na tofauti mgawane. Kataa, na kataa kwa upole ili mlango usifungwe. Sheria ya kuzuia rushwa ya 2007 haiishii kwenye ofisi za umma, na kampuni zenye mizizi Uingereza zinabanwa na sheria yao ya rushwa ya 2010 hata kwa yanayofanyika huku. Cha juu kikigundulika, afisa anaondoka kazini, nawe unaingia kwenye orodha ya wasiofanywa nao biashara, na maafisa utumishi wa mji huu wanajuana.

Kampuni za kimataifa za uhamisho

Shirika kubwa linapohamisha mtu kutoka Houston au Johannesburg kuja Dar, aghalabu halimpigii mtu wa Dar. Linaipa kazi kampuni ya uhamisho, kama vile Cartus au SIRVA, nayo inatafuta mtoa huduma wa mji husika. Huyo anaweza kuwa wewe.

Uzuri wake ni kwamba kazi inakuja yenyewe kwa barua pepe, imeshapangwa: siku moja ya kuutambua mji, siku mbili za kutafuta nyumba, siku ya kuingia, na miaka ikipita, siku ya kukabidhi nyumba na kudai amana. Kila kipande kina ada yake isiyobadilika, haijalishi pango ni milioni mbili au kumi. Kwa ofisi iliyozoea kamisheni ya mwezi mmoja hiyo ada inaonekana ndogo, na kwa nyumba ya bei kubwa ni ndogo kweli. Lakini unalipwa hata mgeni akighairi baada ya kuzungushwa, jambo ambalo udalali wa kawaida haulijui.

Ugumu wake uko kwenye nidhamu. Barua pepe ijibiwe siku hiyo hiyo, kwa Kiingereza kilichonyooka, na fomu zao zijazwe bila kuruka mstari. Watakuuliza bima. Watakuuliza kama unapokea chochote kwa mwenye nyumba. Wengi hawataki ulipwe pande mbili bila wao kujua, na ukificha ikajulikana ndiyo mwisho wa kazi. Watakuuliza unatunzaje nakala za pasipoti za watoto wa watu, na hapo sheria yetu ya ulinzi wa taarifa binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inakutaka uwe na jibu pia. Pasipoti ya mteja haisambazwi kwenye kundi la WhatsApp la madalali. Sheria ya utakasishaji fedha haramu ya 2006 nayo inamhesabu wakala wa nyumba kati ya wanaopaswa kumtambua mteja na kutoa taarifa, kwa hiyo rejesta ya wateja si urembo.

Malipo huja siku 30, 45, hata 60 baada ya ankra. Kwa ofisi isiyo na akiba hili ndilo linaloua. Umeshalipa mafuta, dereva, na siku tatu za mtu wako, na hela bado iko nje ya nchi. Usiingie njia hii kama huwezi kukaa miezi miwili bila malipo yake.

Nionye pia kuhusu miongozo ya Kimarekani inayofundisha biashara hii. Kule kazi kubwa ni kuuza na kununua nyumba ya mtumishi anayehama, na wakala huikatia kampuni ya uhamisho thuluthi moja au zaidi ya kamisheni yake kama ada ya kuletewa mteja. Hapa Sheria ya Ardhi ya 1999 haimruhusu asiye raia kumiliki ardhi isipokuwa kwa uwekezaji, kwa hiyo mgeni wa kampuni anapanga tu. Chukua kwao nidhamu ya ripoti na majibu ya haraka. Mafundisho ya kuuza nyumba ya mtumishi hayana pa kuingia huku.

Ukitaka kuanza, usiwaandikie makao makuu. Anza na kampuni za kufungasha na kusafirisha vyombo zilizopo Dar. Mtu wao wa kuhesabu makabati na vitanda ndiye wa kwanza kujua nani anahama na nani anakuja, na wengi wao hawana mtu wa nyumba wanayemwamini.

Balozi na Umoja wa Mataifa

Hapa nitakuwa mfupi. Balozi kubwa zina maofisa wao wa nyumba, mikataba yao iliyochapwa tayari isiyogusika, na wakaguzi wa usalama watakaopima ukuta, nondo za madirisha, taa na geti kabla hata ya kuzungumza bei. Umoja wa Mataifa nao hutuma watu wa usalama kuiangalia nyumba ya mtumishi wa kimataifa. Nyumba ikipita, hukaa na wapangaji hao miaka mingi. Isipopita, umepoteza muda, na mwenye nyumba anakulaumu kwa gharama za nondo alizoweka kwa ushauri wako.

Ni njia ya kuingia ukiwa na nyumba mahususi inayofaa, tena mwenye nyumba mwenye fedha ya kurekebisha. Kuifanya ndiyo nguzo ya ofisi changa ni kujitesa.

Kushika majengo yenye samani

Mgeni haingii kwenye nyumba ya mwaka mzima siku ya kwanza. Wiki za mwanzo anakaa hotelini au kwenye apatimenti yenye samani huko Masaki, Oysterbay, Upanga au mjini. Ukiwa na barua ya uwakala pekee kutoka kwa mwenye jengo la namna hiyo, unampata mgeni kabla ya kila mtu, na wakati anatafuta nyumba ya kudumu wewe ndiye uliyemkabidhi funguo za muda.

Ninaipenda njia hii kama ya pili kwa sababu inalipa mapema na inamwondolea afisa utumishi kichwa cha kwanza kinachomuuma: mtu wake atalala wapi usiku wa kutua. Ila sisitiza neno "pekee" kwenye barua. Mji huu una ugonjwa wa nyumba moja kushikwa na madalali watano kwa bei tano. Afisa akiletewa apatimenti ile ile na watu watatu kwa bei tofauti, haamini hata mmoja. Muulize pia mwenye jengo kama ankra zake zinabeba VAT ya asilimia 18, kwani pango la nyumba ya kuishi kwa kawaida halina VAT lakini malazi ya muda mfupi ya kibiashara ni jambo jingine, na kampuni haitaki kugundua hilo kwenye ankra.

Hatari yake ni kugeuka mtu wa jengo. Ukianza kumsukumia kila mgeni vyumba vyako vilivyo wazi, afisa atauona upendeleo huo mapema.

Zikikaa sambamba

Kwa nyumba ile ile ya 3,333,333 kwa mwezi, mambo yanakaa hivi:

| Njia | Anayekulipa | Unalipwa lini | Kinachokwamisha |
|---|---|---|---|
| Moja kwa moja | Mwenye nyumba au kampuni, kwa kawaida pango la mwezi mmoja | Mkataba ukisainiwa, au baada ya ankra | Kusubiri wageni. Maafisa wa cha juu |
| Kampuni ya uhamisho | Kampuni hiyo, ada isiyobadilika | Siku 30 hadi 60 | Akiba, Kiingereza, bima, fomu |
| Balozi na UN | Mara nyingi mwenye nyumba | Ukaguzi na saini zikikamilika | Viwango vya usalama |
| Majengo yenye samani | Mwenye jengo | Mgeni akilipa | Upendeleo. Barua isiyo ya pekee |

Kuna kitu jedwali halionyeshi. Kwenye njia ya moja kwa moja, kampuni ikikulipa yenyewe nawe utakatwa kodi ya zuio ya huduma, asilimia 5. Kwenye 3,333,333 hiyo ni 166,667, unabaki na 3,166,666 na cheti chako. Udalali wa kawaida ungekupa mwezi mmoja ule ule, lakini kama dalali wa pili ndiye aliyekuwa na funguo, mngegawana nusu kwa nusu. Kwa hiyo anayelalamika kwamba kampuni zinakata kodi alinganishe na kile anachogawana mtaani kila mwezi.

Nani alipe kati ya kampuni na mwenye nyumba? Mimi naona bora kampuni ilipe, hata kama ni kidogo zaidi, na mwenye nyumba asikulipe kitu. Hapo afisa utumishi anajua uko upande wake ukijadili bei, na ukimwambia nyumba fulani ina tatizo la maji hana sababu ya kushuku. Kampuni ikikataa kulipa, pokea kwa mwenye nyumba, lakini liandike hilo kwenye barua yako ya kwanza kwao.

Uchague ipi

Kama una gari, mtu mmoja anayejua ankra na mashine ya EFD, na akiba ya mwezi mmoja tu, nenda moja kwa moja kwa makampuni ya kati. Chagua machache utakayoyatembelea kila mwezi bila kuchoka. Wakati unasubiri wageni wao, tafuta jengo moja lenye samani na barua ya pekee; hilo litakulisha.

Kama ofisi yako imeshakua, ina mtu wa kujibu barua pepe saa zote za kazi na akiba ya miezi mitatu, ongeza kampuni za uhamisho. Mtu huyo asiwe ndiye dereva na ndiye mwonyeshaji nyumba, maana barua ya Johannesburg itaingia akiwa kwenye foleni ya magari pale Morocco, Kinondoni.

Kama uko peke yako bila leseni wala TIN, usiwafuate wateja hawa bado. Jiunge na mwenye ofisi iliyosajiliwa, mwandikiane mgawanyo, na wewe uwe mtu wake wa maeneo. Ofisi nyingi zina karatasi lakini hazina mtu anayeijua Msasani nyumba kwa nyumba.

Na yeyote utakayekuwa, tafuta mwenzako Dodoma. Tangu serikali ihamie huko na treni ya SGR ianze safari mwaka 2024, kampuni inayokuletea mtu Dar itakuuliza siku moja kuhusu nyumba ya meneja wa ofisi yao ya Dodoma. Ukiwa na jina la mtu uliyemjaribu, jibu linatoka kabla simu haijakatwa.